Upepo wa Kisongo Haujali Ratiba Yako

Binti mmoja wa Moshi anayesomea urubani kaniandikia: "Kaka, mwalimu anasema upepo unasumbua wakati wa kutua, kupaa ni rahisi. Kweli?"

Mdogo wangu, kutua kunaharibu ndege nyingi, sibishi. Lakini kupaa kukienda kombo, injini iko kwenye nguvu zote na matangi yamejaa.

Upepo unaovuma sawasawa hauna shida sana. Shida ni ule wa kuja na kukata. Bawa halijui magurudumu yanakwenda kasi gani, linajua hewa inayolipitia tu. Mvumo wa ghafla ukikupiga usoni, ndege inanyanyuka kabla ya wakati wake, nawe unafurahi. Mara mvumo unakata. Kasi ya hewa inashuka papo hapo, uko mita chache juu ya lami, pua iko juu, na huna kimo cha kuishusha ujiokoe. Bawa moja linatangulia kupoteza uwezo wa kubeba, na ndege inaangukia upande huo.

Ukija wa ubavuni, unasukuma mkia, pua inageukia unakotoka upepo. Ukitokea kushoto ndiyo mbaya zaidi, maana propela za ndege zetu nyingi nazo huvuta kushoto ukifungua nguvu zote.

Sasa ongeza Arusha yenyewe. Uwanja wetu wa ndege wa Kisongo uko karibu mita 1,390 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,100. Unakimbia lami ndefu zaidi, unapanda kivivu, na mvumo ukikata injini haina akiba ya kukutoa. Kaskazini-mashariki kuna mlima Meru, zaidi ya mita 4,500, na upepo unaopita mlimani hutufikia umevurugika.

Kampuni moja niliyowahi kuirushia (siitaji) ilinifundisha jambo jingine. Mchana, watalii wameshafunga mikanda, safari ya Serengeti. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha upepo, inasimama, inalala, inasimama tena upande mwingine. Nikazima injini. Meneja akaja hadi mlangoni, akasema mbele ya abiria, "Kapteni gani huyu anaogopa upepo?" Rubani mwenzangu akaondoka, akafika salama, na wiki nzima nikatajiwa jina lake. Mimi nilipaa jioni, upepo umetulia, na abiria wangu wakaona twiga kama wengine. Bado inaniuma, nisiwadanganye.

Vijana, kufika kwa mwenzako si kibali chako! Mnapenda mistari ya cheo begani kuliko kusoma soksi ya upepo. Ondokeni asubuhi. Kama si asubuhi, subirini. Waulizeni waongoza ndege upepo ukoje, na kabla ya kusukuma nguvu waulizeni tena. Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, ilijaribiwa kwa upepo wa ubavuni wa noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa), ikiwa mikononi mwa rubani mzoefu. Mwanafunzi ajiwekee nusu yake, na ahesabu kilele cha mvumo, si wastani. Geuza usukani kuelekea upepo unakotoka, bakisha magurudumu chini hadi upate kasi ya ziada kidogo, kisha nyanyua mara moja bila kusitasita. Ukihisi kombo ungali chini, punguza nguvu, simama.

Na mwalimu akisema twende huku moyo wako unakataa, mwombe arushe yeye. Weka mikono mapajani, uangalie miguu yake inavyofanya kazi kwenye pedeli.