Rangi zinafifia nikipiga picha kupitia kioo chenye mvua: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Iringa. Nimependa sana picha za Saul Leiter, yule Mmarekani aliyepiga mitaa ya New York kupitia vioo vyenye mvuke hadi picha zikaonekana kama zimechorwa kwa brashi. Nami hujaribu kupitia dirisha la daladala au la mgahawa mvua ikinyesha. Kwa macho naona mwavuli mwekundu umekolea kabisa, lakini picha inatoka kijivu, kama imemwagiwa maji ya chokaa. Nikiongeza saturesheni (ukolevu wa rangi) kwenye programu ya kuhariri, nyuso za watu zinageuka rangi ya machungwa. Nina lenzi ya 50mm na zumu ya 55–200mm. Je, ninunue polaraiza, ile chujio ya kupunguza mwako wa kioo?

JIBU: Marahaba. Kinachokuulia rangi kiko pale dirishani, kabla hujafika kwenye programu. Kila tone na kila chembe ya mvuke kwenye kioo hutawanya mwanga. Nyuma yake kukiwa na anga jeupe, weupe huo unasambaa fremu nzima na kuumeza wekundu wa mwavuli. Basi sogea mpaka anga litoke kabisa kwenye picha, na nyuma ya mwavuli pawe na kitu cheusi: ukuta uliolowa, ubavu wa lori, mlango wa duka lisilo na taa. Hatua mbili tatu tu za kusogea zinarudisha rangi kuliko programu yoyote.

Halafu ipunguzie kamera mwanga. Ikiona sehemu kubwa ya fremu ni giza, inadhani mwanga hautoshi, inaongeza, na weusi wako unakuwa kijivu. Kwenye kitufe cha +/- weka −1, piga, kisha tazama histogramu (mchoro wa viwango vya mwanga) ya nyekundu peke yake. Ikiwa imegota ukingo wa kulia, wekundu umeungua: mwavuli utabaki bapa, bila mikunjo ya kitambaa wala ule mstari mweusi wa kila ubavu. Punguza tena.

Leiter alifika New York mwaka 1946 akitaka kuwa mchoraji, na hakuacha kuchora hadi alipofariki 2013. Aliwapenda wachoraji Bonnard na Vuillard wa Ufaransa, na michoro ya Kijapani ya kuchapa kwa mbao. Alipoanza kupiga za rangi mwaka 1948, filamu ya slaidi ya Kodachrome ilikuwa na kasi ya takriban ISO 10, yaani ilihitaji mwanga mwingi sana. Fanya hesabu: siku ya mawingu mazito inataka kama f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana) kwa 1/30 ya sekunde. Kwa tundu lililofunguliwa hivyo huwezi kushika kila kitu kwenye fokasi, kwa hiyo ule ukungu wake wa vitu visivyo kwenye fokasi ulikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo. Na filamu ya slaidi haisamehe mwanga ukizidi, sehemu nyeupe zinafutika. Ukiupunguza kidogo, rangi zinakolea.

Ila jambo ninaloliona kubwa zaidi kwake ni nafasi aliyokubali kuipoteza. Tazama picha yake ya 1958 iitwayo Canopy: weusi wa turubai umeshika zaidi ya nusu ya fremu, na mtaa wenye theluji umebaki chini. Wengi wetu tungeukata weusi huo. Mwavuli wako ukiwa mdogo katikati ya rangi zilizopoa, hautahitaji kuongezewa chochote.

Kwa hiyo tumia zumu, kati ya 90 na 135mm, tundu wazi kadiri linavyoruhusu. Yeye pia alipenda lenzi ndefu. Fokasi iwe ya mkono, maana otofokasi itang'ang'ania matone. Uwiano wa weupe, ule ulioandikwa WB, usiuache kwenye otomatiki. Weka alama ya jua. Otomatiki hujaribu kufuta ubuluu wa mvua na umanjano wa balbu ya mgahawa, na mgongano wa rangi hizo mbili ndio unaoutafuta.

Polaraiza usinunue kwa kazi hii. Ukisimama ukikitazama kioo moja kwa moja haiondoi mwako, yaani mwanga unaorudishwa na kioo. Inafanya kazi ukiwa umekaa pembeni sana, nayo inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga uliopo). Vioo vya ubavuni vya magari mara nyingi ni vioo vilivyokazwa kwa moto, na polaraiza hutoa mabaka kwenye vioo hivyo. Gusisha kofia ya mpira ya lenzi (ile pete ya kukinga mwanga, si kifuniko) kwenye kioo, au funika pande kwa kitambaa cheusi. Mwako wa ndani utakwisha.

Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Ukifika kwenye programu, acha saturesheni ya picha nzima: ngozi zetu zina machungwa mengi ndani yake, ndiyo maana zinageuka kwanza. Shusha kitelezi cha weusi kidogo ili giza likolee, kisha gusa nyekundu peke yake kama bado unaona haja.