Kabla ya panga kulikuwa na sufuria

Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015, jioni, nilikuwa napaka vanishi kitanda cha mteja pale karakanani kwangu Keko, mtaa mzima ukaanza kukimbia. Hakuna aliyejua anakimbia nini. Mama muuza chapati aliacha jiko linawaka. Mwenye duka la dawa alivuta geti kwa pupa likambana kidole. "Panya Road! Panya Road wanakuja!" Tukaingiza mbao ndani, tukajifungia, tukakaa gizani kila mtu na patasi mkononi. Upande wetu hakuja mtu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijifungia ndani jioni ile, na mitaa mingi ilijifungia kwa uvumi tu. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya bure. Makundi ya vijana wenye mapanga na nondo, ndio hao Panya Road, yalikuwa yamekwisha kupita mitaani yakipora na kujeruhi watu.

Mle gizani kijana wangu mmoja, mwanafunzi wa ufundi, akasema taratibu: "Fundi, mimi wengine nawajua. Tulisoma wote."

Hakuna aliyemjibu. Nami nikanyamaza, ila neno lile halijanitoka. Septemba 2022, makundi yale yaliporudi na watu wakauawa, kila mteja aliyekuja kuchukua kabati lake alikuwa na swali moja: hawa watoto wametoka wapi? Utadhani wameshuka na meli. Wametoka humu humu, jamani. Wamezaliwa nyumba za jirani, wamechanjwa kliniki moja na wanetu, na wengi wetu tumewahi kuwatuma dukani.

Sina digrii ya saikolojia. Nina miaka zaidi ya 20 ya kufundisha vijana useremala, na kabla ya hapo nina miaka yangu mwenyewe ya utoto ambayo nusura ipotee. Nianze na hiyo.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 13. Tulikuwa tunaishi Temeke, nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, uani mmoja, bomba moja, choo kimoja. Siku moja mchana nikachukua sufuria ya mama wa chumba cha tatu. Ilikuwa imeanikwa juu ya karo, imesuguliwa kwa mchanga hadi inang'aa, na chini ina alama ya rangi nyekundu, maana kwenye nyumba za kupanga kila mtu huweka alama yake. Nikaifunga ndani ya shati, nikaenda nayo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa mtu mzima, sawa na baba yangu. Akaigeuza, akaiona ile alama, akanitazama. Kisha akaikanyaga mara mbili ikabonyea, akaiweka kwenye mzani.

Akanilipa shilingi 200. Hakuniuliza hata jina.

Nikaingia banda la video, nikala mihogo ya kukaanga, na kwa kuwa nilikuwa na roho nzuri nikamnunulia mdogo wangu maandazi manne. Hayo maandazi ndiyo yaliyoniokoa. Mama alirudi sokoni jioni, akamkuta mtoto anatafuna.

"Nani kakupa?"

"Kaka."

Mama akanigeukia. "Umepata wapi hela?"

"Nimemsaidia mtu kubeba mzigo."

"Mtu gani?"

"Simjui jina."

"Alipo unapajua. Twende ukanioneshe nimshukuru."

Hakupiga kelele. Alifunga khanga kiunoni, akanishika mkono, tukatoka. Tulizunguka mitaa mitatu nikimtafuta mtu asiyekuwepo, na kila nilipotaja pahala papya mama alisema, "Haya, twende." Kufika mtaa wa nne nikalia mwenyewe, nikampeleka kwenye mzani. Yule bwana alitaka shilingi 400 kuirudisha sufuria. Mama akalipa pesa ya mtaji wake wa nyanya, kisha akamwambia: "Siku utakayonunua tena kitu kwa mtoto huyu nitakuja na mjumbe wa nyumba kumi." Usiku ule nilirudisha sufuria kwa mikono yangu, imebonyea, mbele ya wapangaji wote, nikawekwa kumchotea maji yule mama mwezi mzima. Madumu manne kila alfajiri kabla ya shule. Mpaka leo nikipita kwake ananiita "mchota maji wangu".

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu nimewaona vijana wengi waliofika mbali, na sijamwona hata mmoja aliyeanza na panga. Huanza na koki ya bomba, na kandambili za msikitini, na simu iliyosahauliwa juu ya meza ya kibanda cha chipsi. Kinachoamua mambo ni jioni ile kitu kigeni kinapoingia nyumbani: kuna mtu wa kuuliza kimetoka wapi, na baada ya kujibiwa akasema "twende ukanioneshe"? Wazazi wengi huuliza lile swali la kwanza. Hilo la pili lina usumbufu, umechoka, umesimama kwenye daladala saa nzima. Na wengine, tuambiane ukweli, hawaulizi kwa sababu kile kitu kimewafaa. Mtoto wa miaka 15 asiye na kazi anakuja na mfuko wa unga na mafuta, mama anasema "Mungu akubariki mwanangu". Simlaumu sana, njaa haina adabu. Lakini mtoto ameshajua kwamba hapa nyumbani haulizwi mtu.

Watu hupenda kusema chanzo ni umaskini. Umaskini upo, siukatai. Ila ile nyumba yetu ya vyumba sita wote tulikuwa maskini, na watoto tulikuwa wengi kuliko viti. Waliopotea walikuwa wawili. Wote wawili walikuwa na jambo moja: mchana kutwa hakuna mtu mzima aliyejua walipo, na usiku hakuna aliyetaka kujua.

Halafu kuna yule mwenye mzani. Huyu hatumsemi kabisa. Tunapiga kelele "mwizi!" kwa mtoto wa miaka 14, tunamchoma kwa matairi, Mungu atusamehe, na mtu mzima aliyekuwa akinunua mali yake mwaka mzima anakuja kushangaa na sisi. Mtoto hana soko lake. Simu ya wizi lazima afungue mtu anayejua kufungua simu. Nondo lazima inunuliwe na mtu mwenye mzani. Kama mtaa wenu una vikao vya ulinzi shirikishi, kabla ya kuchanga hela za filimbi na tochi, kaeni muulizane kwanza nani hapa kwetu ananunua vitu kwa watoto. Mtashangaa jinsi jina linavyotajwa haraka. Kila mtu analijua.

Kuna msimu mmoja wa mwaka ninaouogopa kama mkulima anavyoogopa kiangazi. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto wa miaka 13 au 14 hana sare, hana kengele, hana mwalimu. Asiyechaguliwa, au aliyechaguliwa na hakuripoti kwa sababu ya daftari na viatu, likizo yake haiishi tena. Tangu 2016 ada imeondolewa, lakini daftari hazijaondolewa, wala nauli. Katika miezi hiyo ndipo mtoto anapogundua mashine za dubwi. Zile zinazokula sarafu ya shilingi 200, zinawaka taa, zipo nyuma ya kibanda. Sheria inakataza watoto kucheza kamari. Nenda saa nne asubuhi uhesabu vichwa. Sarafu ya kwanza ataomba. Ya pili ni chenji ya mafuta ya taa. Ya tatu anaitafuta kwingine.

Kwa hiyo Septemba mzazi usipumzike. Mtafutie mtoto pahala pa kwenda asubuhi na mtu wa kumuuliza akichelewa. Inaweza kuwa madrasa, kwaya, timu ya mpira yenye kocha mkali, shamba la bibi, karakana kama yangu. Mimi siwachukui walio chini ya miaka 14, sheria yetu hairuhusu kuwaajiri, na hata hao wa 14 siwasogezi kwenye msumeno wa umeme. Wanapiga msasa, wanafagia maranda, wanajifunza kupima. Ninachowapa hasa si ufundi bado. Nawapa saa mbili asubuhi ya kufika kila siku. Aliyekatishwa masomo mapema asikate tamaa: kuna madarasa ya MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, kuna vyuo vya ufundi vya VETA, na tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo kurudi shuleni, wakiwemo wasichana waliopata watoto. Nenda kwa mwalimu mkuu ukaulize kwa miguu yako.

Kuhusu kipigo nitasema machache maana najua nitatukanwa. Nimelea vijana waliopigwa kwa waya, na wote walinisimulia kitu kimoja: usiku wa kwanza kulala nje walikuwa wanakwepa kurudi nyumbani kupigwa. Huko nje ndiko walikompata kaka mkubwa aliyewapa kipande cha mkate na kete ya bangi bila kuwauliza kitu. Mtoto akilala nje usiku mmoja, mfuate usiku huo huo. Ukisema "atarudi mwenyewe akishikwa na njaa", ujue kuna anayemlisha.

Na akishakamatwa? Hapa wazazi wengi hujificha kwa aibu, au hukimbilia kutafuta "mtu wa kuongea naye", pesa ikaliwa na mtoto akabaki ndani. Nenda kituoni siku hiyo hiyo, na ubebe cheti chake cha kuzaliwa. Kama hakipo, kadi ya kliniki au barua ya shule. Kijana wa miaka 15 mwenye kimo ataandikwa 19 akachanganywa na watu wazima, na kosa lote litakuwa kwamba hakukuwa na karatasi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto: hatakiwi kuwekwa pamoja na mahabusu watu wazima, kesi yake husikilizwa faragha katika mahakama ya watoto, kwa Dar ipo ya Kisutu, na hahukumiwi kifungo cha gerezani. Aliye chini ya miaka 10 hashtakiwi kabisa. Mwite afisa ustawi wa jamii wa kata au wa wilaya, maana ripoti yake kuhusu nyumbani kwenu ndiyo hakimu ataisoma. Pengine mtoto ataachiwa kwa masharti mkononi mwako, pengine atapelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Kwa vyovyote uwepo wako kwenye lile benchi mtoto atauhesabu. Nimeketi pale na mama mmoja jirani yangu. Mwanawe alipoingia hakumtazama hakimu, alitafuta macho ya mama yake kwanza.

Msidhani naandika haya kwa sababu nimefaulu. Yule kijana aliyesema gizani "nawajua" nilimfukuza mimi mwenyewe, miezi saba baadaye. Drili yangu ilipotea. Ilikuwa mpya, nimeinunua kwa kuungaunga. Nikapiga hesabu ya haraka: nani hapa anajuana na wezi? Aliapa. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Panya ni panya." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akaondoka.

Drili ilikuwa kwa shemeji yangu Kigamboni. Nilimwazima mwenyewe, nikasahau. Nilijua hivyo baada ya wiki tatu, na nilipokwenda kumtafuta kijana maskani yao nikaambiwa hayupo, "ameenda kazi". Walicheka waliposema "kazi". Alikamatwa mwaka uliofuata kwa unyang'anyi akiwa ameshafikisha 18, kwa hiyo Sheria ya Mtoto haikumhusu tena.

Ramadhani ya juzi nilimwona amesimama nje, upande wa mbao za mninga, ana ndevu. Akanipa shikamoo. Nikampa kiti, nikamweleza habari ya drili na shemeji na Kigamboni, nikamwomba radhi mbele ya vijana niliokuwa nao, ingawa hawakuwa wale walioshuhudia. Alisikiliza huku anapitisha kidole kwenye ubao kuangalia kama umelainika.

"Hapa bado, fundi," akasema.

Siku hizi anapaka vanishi. Leo amefika saa mbili na dakika 40. Nikamuuliza alikuwa wapi, akasema foleni Mbagala. Nikampigia konda ninayemfahamu wa njia ile. Kweli, lori lilikuwa limelala barabarani.