Muulize Mwalimu: Valentino na ndoa za askari

*Mwalimu alifundisha historia sekondari mkoani Dodoma hadi alipostaafu. Hujibu maswali ya wasomaji.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mchumba wangu tumezozana. Mimi najua Mtakatifu Valentino alikuwa padri wa Roma aliyefungisha ndoa za askari kwa siri mpaka mfalme akamkata kichwa. Mwenzangu anasema hiyo ni kamba, Valentine ni sikukuu ya kipagani na hataki kuiona nyumbani kwake. Nani mkweli? – *Msomaji wa Ipagala, Dodoma mjini*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila mmoja wenu ameshika nusu ya habari, na bahati mbaya ni ile nusu dhaifu.

Valentino alikuwepo. Ni shahidi wa karne ya 3 aliyezikwa kando ya barabara ya Flaminia, nje ya Roma. Masimulizi ya kale yanamtaja Valentino padri wa Roma na Valentino askofu wa Terni, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama ni watu wawili au mmoja. Habari za uhakika ni chache mno, ndiyo maana mwaka 1969 Kanisa Katoliki lilimwondoa katika kalenda yake ya jumla. Utakatifu hakuvuliwa, ila ukienda misa tarehe 14 Februari utasikia wakikumbukwa watakatifu Sirili na Metodi.

Hiyo ya ndoa za askari hunipandisha presha kila mwaka. Anayesingiziwa ni mfalme Klaudio wa Pili, aliyetawala kuanzia 268 hadi 270, na hakuna sheria yake ya namna hiyo iliyowahi kuonekana. Kweli askari wa Roma waliwahi kukatazwa kuoa, lakini katazo lilikuwa limeondolewa miaka 70 hivi kabla yake, na aliyeliondoa ni Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Darasani nilikuwa nikifika hapo hata waliosinzia wanaamka: kumbe ni mtoto wa Afrika aliyewaruhusu askari wa Roma waoe!

Mchumba wako naye ameisikia Luperkalia, sikukuu ya kipagani ya Warumi. Hiyo ilifanyika Roma tarehe 15 Februari. Walichinja mbuzi na mbwa, kisha vijana wakakata ngozi ya mbuzi vipande na kukimbia mjini karibu uchi wakiwachapa wanawake, ikiaminika kuwa inaleta uzazi. Papa Gelasio wa Kwanza aliipiga vita mwishoni mwa karne ya 5. Watu wameona tarehe zimekaribiana wakaziunganisha. Lakini baada ya Gelasio ilipita karibu miaka 900 bila maandishi yanayomhusisha Valentino na mambo ya mapenzi.

Aliyemhusisha ni mshairi. Miaka ya 1380 Mwingereza Geoffrey Chaucer alitunga shairi refu kuhusu ndege wanaokutana siku ya Mtakatifu Valentino, kila mmoja achague mwenza wake. (Sisi huku ndege tunayemjua ni kwelea kwelea anayemaliza uwele shambani, na sijasikia aliyemtungia shairi la mapenzi.) Wakubwa wa ikulu waliipenda habari hiyo, wakaanza kuandikiana, na polepole ikashuka hadi kwa watu wa kawaida.

Barua ninayoipenda ni ya Februari 1477. Msichana wa Norfolk, Uingereza, aliyeitwa Margery Brews alimwandikia mchumba wake, John Paston, akimwita Valentino wake mpendwa. Ukidhani ni maneno matamu matupu, umekosea. Anamweleza kwamba mama amembembeleza sana baba aongeze mali ya ndoa, na baba hasogei. Kwao mali ilitoka upande wa mwanamke, kinyume na hapa Ugogo ambako ng'ombe wanatoka kwa mwanamume. Margery anamwambia kwamba kama anampenda kweli, hatamwacha kwa sababu hiyo. Na walioana.

Kwa hiyo mwambie mwenzako siku hii haikutoka kwenye damu ya mbuzi. Akiendelea kukataa, muache, usimnunulie shati jekundu kwa nguvu. Naona afadhali mjadili alichojadili Margery: nani anatoa nini, na mkikosa itakuwaje.

SWALI: Mwalimu, ujana wetu hatukuwa na siku hii. Vijana wameitoa wapi? – *Mzee wa Kongwa*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wameipata kwa njia ya posta na duka. Mwaka 1840 Uingereza ilishusha gharama ya barua hadi peni moja, na kadi za mapenzi zikamiminika. Marekani, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1840, mwanamke mmoja wa Worcester, Esther Howland, aliajiri wanawake wenzake kuunganisha kadi za lesi, akapata fedha nzuri. Miaka ya 1860 Mwingereza mtengeneza chokoleti, Richard Cadbury, akaja na boksi la chokoleti lenye umbo la moyo. Kwetu, kwa ninavyokumbuka mimi, ilipata nguvu baada ya 1993, redio na televisheni za watu binafsi ziliporuhusiwa.

Ila mzee wangu, nawe usijifanye hukuwa nayo kabisa. Zile kadi za salamu tulizokuwa tunatuma redioni, na majina ya watu watatu wanne "wa karibu", zilikuwa na kazi gani?

SWALI: Nauza maua na zawadi karibu na Nyerere Square. Mwaka 2024 nilidoda kwa sababu ilikuwa Jumatano ya Majivu, wateja wangu Wakatoliki walikuwa kwenye mfungo. Itatokea tena? – *Mfanyabiashara, Dodoma*

JIBU: Itatokea mwaka 2029. Kabla ya hiyo ya 2024 ilitokea 2018, na kabla ya 2018 ni mpaka urudi 1945. Ongeza na hili: kwa hesabu za mwezi, 14 Februari ya 2027 na ya 2028 zote zinaangukia ndani ya Ramadhani. Miaka hiyo wateja wako Waislamu watakuja jioni baada ya kufuturu, basi usifunge mapema.

Waridi punguza, zinanyauka. Mume wangu mwaka mmoja alinirudia tarehe hiyo na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti kutoka Kibaigwa, na sikulalamika, maana bei ilikuwa imepanda. Halafu jaribu mbinu ya Wajapani. Kwao 14 Februari wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti, na tarehe 14 Machi wanaume hurudisha. Hapo unauza mara mbili.