Ng'ombe wanakonda kila Septemba: anza kuuza Juni

Ndugu yangu wa Kishapu, Shinyanga, nimekuelewa: una ng'ombe 30, malisho yanakwisha Septemba, na unauliza kama ukope ununue mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ya kuwalisha wote mpaka mvua za Novemba. Usikope. Mwaka mmoja nilifanya hivyo, nikabaki na deni na ngozi tano.

Uza Juni, wakiwa bado na nyama: madume wa ziada na majike wakongwe. Ukingoja Oktoba, mbavu zinahesabika na mnunuzi anajipangia bei. Mashudu ya pamba wape wenye mimba na wanaonyonyesha tu. Mabua ya mahindi yakusanye mapema, uyaweke juu ya uchanja. Yakibaki shambani mchwa wanayamaliza.

La msingi zaidi ni ngitili, yaani malisho ya akiba ya kiangazi. Mvua zikianza, funga kipande cha malisho, usiingize hata ndama, mpaka Julai au Agosti. Kubaliana kwanza na majirani na serikali ya kijiji, la sivyo watalishia mifugo yao humo usiku.

Tena chunga sana: mtama mchanga unaochipua baada ya ukame una sumu, unaweza kuua ng'ombe ndani ya saa chache. Ukiona anahema kwa shida na kutetemeka, mwite daktari wa mifugo papo hapo.