Kumtegemea Mungu kwenye huduma: angalia unachokataa kufanya

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Umesema unaongoza kikundi cha uinjilisti, mwili umechoka, watu wanapungua, na kila unayemweleza anakujibu "mwachie Mungu". Unauliza kama kumwachia Mungu maana yake ni kuacha kupanga na kujituma, na mwishoni umeuliza kama uahirishe mkutano mlioutangaza. Nimetumika kwenye uinjilisti kwa miaka mingi, sehemu kubwa chini ya mzee mmoja aliyenilea kihuduma, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kupanga kusikusumbue. Wengi tunalijua Zekaria 4:6, "Si kwa uwezo, wala si kwa nguvu, bali ni kwa roho yangu", na tunaishia hapo. Aliyeambiwa neno hilo ni Zerubabeli, aliyeongoza ujenzi wa hekalu. Endelea hadi mstari wa 9: mikono ya Zerubabeli imeweka misingi ya nyumba hii, na mikono yake ndiyo itakayoimaliza. Neno ni lile lile, mtu ni yule yule. Hekalu lilijengwa kwa mawe na miti, na Ezra anaandika kwamba lilimalizika mwaka wa sita wa mfalme Dario. Waashi walitoka jasho. Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba alifanya kazi kuwapita mitume wote, kisha papo hapo anasema si yeye, ni neema ya Mungu pamoja naye. Anayekushauri ukae tu usubiri, hata kama anakupenda, mshauri huyo hajakusaidia.

Ugumu uko kwingine. Kwa nje, anayemtegemea Mungu na anayejitegemea wanafanana mno. Wote wanaamka alfajiri, wote wanafunga, wote wanasema "tunamwachia Bwana". Nimekaa kwenye vikao vya kamati ambavyo maombi ya kufungua yalikuwa ya dakika chache, tukamaliza saa nzima tukibishana kuhusu spika na mabango, kisha tukasimama kuomba Mungu abariki tulichokwisha kukiamua. Maombi yalikuwepo. Ila Mungu hakuwa na nafasi ya kutuambia hapana.

Ndiyo maana siku hizi, nikitaka kujua mtumishi anamtegemea nani, natazama anachokataa kufanya pale anapobanwa. Kuna mambo yanayoleta matokeo ya haraka, yako mkononi mwake, na hakuna atakayemkamata akiyatumia. Anayagusa au hayagusi?

Mfalme Sauli yuko pale Gilgali, 1 Samweli 13. Ameambiwa amngoje nabii Samweli aje kutoa sadaka, amengoja siku saba, Wafilisti wamejaa, na watu wake wanatawanyika. Hilo la watu kutawanyika ndilo lililomshinda. Akatoa sadaka mwenyewe. Ukiangalia tendo lenyewe, ni la ibada kabisa, lakini alilifanya ili watu wasiondoke. Huduma nyingi hukosea hapo hapo: watu wanapungua, kiongozi anaingiwa na hofu, anaanzisha jambo la kiroho ili kuwazuia. Kabla hujaongeza mkesha mwingine kwenye ratiba yako, jiulize unamfanyia nani.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia. Mkutano wa injili, jioni ya mwisho, mzee amehubiri na kutoa wito wa toba. Watu wachache wakaja mbele. Mwendesha ibada akachukua kipaza sauti, akaita tena. Mpiga kinanda akapandisha, ile mipigo tunayoijua sote, inayomfanya mtu alie hata kama hajui analia nini. Wito wa tatu ukaanza: inueni mikono, fumbeni macho, kuna mtu hapa nafsi yake inasitasita. Mzee akaenda kwa mpiga kinanda, akamwekea mkono begani, akamwambia, "Mwanangu, pumzika." Muziki ukakatika. Kisha akauambia mkutano, "Aliyesikia, amesikia. Wenye maswali, mtatukuta hapa." Akaomba kwa kifupi, akatuaga.

Mwendesha ibada alikasirika waziwazi, na nilimwelewa, maana idadi ilikuwa inasomwa kesho yake kwenye kikao. Mzee akamjibu kwamba mtu anayeletwa mbele na kinanda atahitaji kinanda kila siku ili abaki. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi. Paulo anasema hilo hilo kwenye 1 Wakorintho 2: hakuwaendea na maneno ya hekima yenye kushawishi, makusudi, ili imani yao isikae katika hekima ya wanadamu. Angeweza kuwashawishi, maana alikuwa msomi. Aliacha kutumia silaha aliyokuwa nayo.

Kwenye fedha ni vivyo hivyo, tena hapo majaribu ni makali zaidi. George Müller, mhubiri wa Bristol, Uingereza, aliyefariki mwaka 1898, alitunza yatima wapatao 10,000 katika maisha yake. Watu humkumbuka kwa maombi, na ni haki. Lakini tazama alichokataa: hakumwomba mtu fedha, na hakukopa. Wakati huo huo aliandika mapato na matumizi kwa uangalifu mkubwa na kutoa taarifa kila mwaka. Alikuwa mtu wa mahesabu kweli kweli. Simaanishi kila huduma isiombe mchango. Paulo mwenyewe aliwachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, bila kuona haya. Namaanisha kila huduma iwe na mstari ambao haitauvuka hata mfuko ukikauka. Kumwambia mjane kwamba muujiza wake unangoja sadaka yake, kwa mfano, huko ni kumkamua.

Halafu kuna ripoti. Hili linaniuma, kwa hiyo nivumilie. Mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, na Mhindi wa kwanza kubatizwa kwa kazi yake na wenzake, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Fikiria ripoti za miaka hiyo saba. Leo tungeandika "wengi waliguswa". Kuandika "hakuna aliyeokoka mwaka huu, tunaendelea" kunahitaji imani kubwa, kwa sababu ukishaandika hivyo umekubali kwamba mwenye kukuza ni Mungu, na kwamba asipokuza wewe huna cha kuonyesha. Ukiona kalamu inavutika kuongeza watu wawili watatu kwenye idadi, hapo unajua umeanza kumsaidia Mungu kazi ambayo hakukupa.

Kuhusu uchovu wako, soma Kutoka 18 polepole. Musa anaamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na Yethro, mkwewe, anamwambia kwamba jambo hilo si jema, atadhoofika yeye pamoja na watu. Jibu halikuwa maombi zaidi. Lilikuwa kugawa kazi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Umeandika kwamba wewe ndiye unayehubiri, unayefuatilia waongofu wapya, unayeshika funguo na unayepiga simu. Mtumishi, kumkabidhi mwenzako darasa la waongofu wapya, ukijua atalifundisha vibaya kidogo kuliko wewe, huko nako ni kumtegemea Mungu. Na usiku ulale. Zaburi ya 127 inataja nyumba ambayo BWANA asipoijenga wajengao wanafanya kazi bure, na mstari unaofuata inataja usingizi ambao Mungu humpa mpenzi wake. Daktari akikwambia pumzika, mtii.

Sasa lile la kuahirisha. Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia (jimbo la Kirumi, sehemu ya Uturuki ya leo), wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena, ndipo Makedonia ikafunguka. Kubadili mpango hakuna aibu. Ila usiahirishe kwa sababu watu ni wachache, maana Gideoni alianza na watu 32,000 akaenda vitani na 300. Na usiendelee kwa sababu tu mabango yameshachapwa. Waite wale uliobaki nao, acheni ratiba nyumbani, ombeni pamoja mkiwa mmekubaliana kabla ya kuanza kwamba "hapana" ni jibu mtakalolipokea. Mkisikia amani ya kuendelea, endeleeni na hao hao mlio nao, na kazi ya funguo na simu umpe mtu mwingine kabla ya Jumapili. Mkiona mngoje, watangazie washirika wiki hii hii, kwa maneno ya wazi, bila kutafuta sababu ya kiroho ya kufunika uchovu wako. Waambie umechoka. Wengi wao wanaliona tayari.