Vifaa vya ziwani kwenda navyo baharini

Ndugu yangu, umeuliza iwapo vifaa unavyovulia Matema, Ziwa Nyasa, vitakufaa utakapokwenda Mtwara kuvua baharini kwa kujifurahisha. Fimbo na mshipi vitafaa, mradi mshipi haujachakaa. Ndoana za chuma cha kawaida ziache Mbeya, kwani chumvi huzila upesi, na ununue zilizopakwa bati. Kwa chambo, mimi ningechagua vipande vyembamba vya ngisi kuliko dagaa, kwa sababu nyama yake ngumu haibanduki ovyo samaki wadogo wanapoidonoa. Ukimlenga nguru, funga kipande kifupi cha waya juu ya ndoana, la sivyo meno yake yataukata mshipi.

Kitakachokusumbua zaidi, wewe uliyezoea ziwa, ni kupwa na kujaa kwa maji: waulize wavuvi wa hapo saa zake (kwa kawaida hawana choyo na habari hiyo), uanze kuvua maji yanapoanza kujaa, na wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida) uongeze uzito wa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, kwa kuwa mkondo huwa mkali. Kila jioni suuza rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa maji yasiyo na chumvi, ukiyamimina polepole, kwani maji ya kasi huisukuma chumvi ndani.