Jibu: Kuwakutanisha wanaopinga na wanaotetea haki ya kutoa mimba

Ndugu, umeuliza utawakalishaje pamoja watu wa pande hizi mbili bila kikao kuvunjika. Inawezekana, ila usianze na "uhai unaanza lini". Hapo ndipo vikao vingi hufa: kila mtu anakuja na jibu lake tayari, na saa nzima inaishia kwenye kurushiana maneno.

Chukua watu sita, watatu kila upande, na msimamizi asiyeegemea popote. Kubalianeni mapema: hakuna kumkatiza mtu, hakuna kumvuta mwenzako abadili msimamo, na ya humo ndani hayatoki bila ridhaa. Mzunguko wa kwanza, dakika tatu kila mmoja: nini maishani kilikufikisha kwenye msimamo huu? Baadaye, wakishazoeana: katika hoja za upande wako, ipi inakutia shaka? Ukiliuliza hili mapema watajifunga, nawe utakuwa umepoteza swali zuri kuliko yote.

Baada ya mauaji kwenye kliniki mbili za kutoa mimba huko Brookline, jirani na Boston, Marekani, Desemba 1994, viongozi wanawake sita wa pande zote walikutana kwa siri zaidi ya miaka mitano, wakajitokeza Januari 2001. Hakuna aliyehama upande. Lakini walipunguza ukali wa lugha yao hadharani, na hilo si dogo hata kidogo.

Mada ambazo pande zote zinaweza kukubaliana, kama huduma za wajawazito na likizo ya uzazi, zilete kikao cha tatu au cha nne. Uzazi wa mpango usiudhanie kuwa mwepesi. Baadhi wanaupinga pia kwa imani.